Krapi wa mwezi wa nne: pima maji kwanza, tarehe iache

Swali la leo linahusu krapi (crappie), samaki wa maziwa ya Marekani, limetoka kwa ndugu yetu anayeishi Bowling Green, Kentucky, kakulia Kigoma. Nalifupisha: "Kaka mtaalamu, mwaka jana katikati ya mwezi wa nne tulienda Barren River Lake, tukakaa ukingoni na maboya yetu, tukatoa krapi mpaka ndoo ikajaa. Mwaka huu wiki ileile, sehemu ileile, tumekaa kutwa hatujapata hata mmoja. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yamepanda yamefunika vichaka, na baridi mpaka vidole vinauma. Wenzangu wanasema samaki wamekwisha. Ni kweli? Na je wiki ijayo nirudi na mwanangu wa miaka 9 au niache?"

Hapana kaka, hawajaisha. Na jibu umeshalitaja mwenyewe bila kujua, maana umesema baridi, umesema rangi, umesema maji yamepanda. Hivo vitatu ndo vinavyoamua krapi yuko wapi mwezi wa tatu mpaka wa tano, tarehe haina kazi yoyote pale. Ngoja nikueleze kimoja kimoja, ila cha baridi nitakaa nacho muda mrefu maana ndo mzizi wa yote.

Wewe umekulia kando ya Ziwa Tanganyika, na kule maji ya juu yanabaki nyuzi 24 mpaka 28 za Selsiasi hivi mwaka mzima, mvuvi hana sababu ya kupima joto la maji, anaangalia mwezi, upepo, msimu wa mvua, basi. Samaki wa kule wanaweza kuzaa karibu miezi yote. Huku ziwa linatoka kwenye baridi kali ya Januari, linapanda taratibu mpaka joto la Julai, na krapi amepewa kadirisha kafupi tu katikati ya hapo ka kutaga mayai. Mchana unavorefuka kuanzia mwezi wa pili ndo mayai yanaanza kukomaa tumboni, hiyo saa yake haibadiliki mwaka hadi mwaka, lakini ruhusa ya mwisho inatolewa na joto la maji. Maji yasipofika, jike anaendelea kubeba mayai yake na anasubiri huko kwenye kina, hata kama kalenda yako inasema muda umefika.

Sasa namba zenyewe, nakupa za Fahrenheit maana ndo utakazoziona kwenye vipimo vya huku. Maji yakiwa kwenye 50 mpaka 55 hivi (Selsiasi 10 mpaka 13) krapi wametoka kwenye kina cha majira ya baridi wanajikusanya kwenye midomo ya vihori, kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto ulioko chini ya ziwa, kwenye nguzo za madaraja, kwenye miti iliyozama. Wanakula vizuri hapo, tena sana, lakini hawako ukingoni. Yakifika 55 mpaka 60 madume wanaanza kusogea kwenye kina kifupi kutafuta sehemu ya kiota. Yakishika 60 mpaka 68 hivi ndo shughuli yenyewe, majike wanaingia, wanataga, na hapo ndo ulipowakuta mwaka jana. Yakivuka 70 wengi wameshamaliza wanarudi nje. Kusini mwa Kentucky hali hiyo mara nyingi inaangukia katikati ya mwezi wa nne mpaka mwanzo wa wa tano, ila ukishuka Mississippi wanatangulia mapema zaidi, na ukipanda Minnesota unaweza kuwakuta wako kwenye viota mwisho wa mwezi wa tano au wa sita kabisa. Samaki ni yuleyule, joto ni lilelile, tarehe tu ndo inahama.

Halafu usidhani ziwa zima linafika 60 siku moja. Kihori kifupi kilichoko upande wa kaskazini wa ziwa kinapigwa na jua la kusini siku nzima, na upepo wa baridi wa kaskazini haukipati vizuri, kinaweza kuzidi maji ya katikati kwa nyuzi kadhaa. Mawe yaliyopangwa kando ya daraja yanashika joto. Sehemu za juu za ziwa, kule mito inakoingia, kina ni kifupi zinatangulia, huku karibu na ukuta wa bwawa unaozuia maji zinachelewa. Kwa hiyo kutaga kunaenda kwa awamu kwa wiki kadhaa, wengine wamemaliza juu huku wa chini ndo wanaanza, na mtu anayejua hilo anawafuata kwa kuhama, sio kwa kukaa sehemu moja akisubiri waje.

Kupima usipime juu juu. Watu wengi wanachovya kipimo ukingoni saa tisa mchana jua limewaka, wanaona 64, wanafurahi, kumbe hiyo ni inchi chache za juu tu, futi tatu chini ni 56. Fanya hivi: chukua kipimajoto kidogo cha akwariamu, kiweke ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mdogo, funga chupa na kamba na jiwe au chubwi zito la kuizamisha, shusha mpaka futi tatu au nne, iache dakika mbili tatu ijae na kutulia, vuta haraka usome kipimo kikiwa bado ndani ya yale maji ya chini. Pima asubuhi. Joto la asubuhi ndo samaki amelala nalo, hilo halikudanganyi. Ukipata 58 asubuhi kwenye futi tatu, na usiku hazijakuwa baridi sana, uko karibu mno.

Sasa dume. Hili nataka ulielewe maana litakusaidia hata kuamua wa kubeba na wa kurudisha. Krapi wako wa aina mbili, weupe na weusi, maziwa mengi ya Kentucky yanao wote. Kuwatofautisha usiangalie rangi, hesabu miiba ya pezi la mgongoni, mweupe ana 5 au 6, mweusi ana 7 au 8. Nasema usiangalie rangi kwa sababu wakati wa kutaga dume la krapi mweupe linageuka jeusi kichwani na kifuani mpaka unaweza kuapa ni aina nyingine. Hilo dume ndo linalotengeneza kiota, linasafisha kisehemu kidogo cha chini kwa mkia na mapezi, mara nyingi karibu na shina, kisiki, mizizi au majani magumu, na wanajenga jirani jirani, ukimpata mmoja usiondoke. Jike anakuja anataga anaondoka, anaweza kutaga kwenye kiota zaidi ya kimoja. Dume linabaki. Linapepea mayai, linafukuza vijisamaki vinavyotaka kuyala, mpaka yaanguliwe baada ya siku mbili mpaka tano hivi kutegemea joto, na linaendelea kukaa siku kadhaa mpaka vitoto viondoke. Kwa sato tuliyemzoea kule nyumbani mama ndo anabeba mayai mdomoni, anaweza kuhama nayo hatari ikija. Krapi hawezi. Mayai yake yameganda chini kwenye kile kisiki, kikipatwa na chochote yamekwenda.

Na ndo hapo maji ya machipuko yanapokuwa jambo zito, zaidi ya uvuvi wako wa Jumamosi. Chukua mfano, maji yamefika 63, viota vimejaa, halafu inakuja baridi ya ghafla kutoka kaskazini siku tatu, mvua ya barafu kidogo, usiku unashuka kwenye 30 na kitu, maji yanarudi 55. Mayai yanachelewa kuanguliwa, yanapata ukungu, na madume mengine yanaacha kiota kabisa. Majike ambao hawajataga wanarudi nyuma. Hawarudi mbali lakini, hilo wavuvi wengi hawalijui, wanasogea tu mpaka kwenye ule mteremko wa kwanza ambapo kina kinashuka kutoka futi nne kwenda nane au kumi na mbili, wanaganda kwenye mti uliozama hapo, mdomo umefungwa. Anga inakuwa bluu safi, jua zuri, wewe ukingoni unaona siku ya kuvua ya ndoto, na hakuna kinachouma. Wape siku mbili tatu za jua na usiku wenye joto, wanarudi walipokuwa.

Kwa hiyo vidole vyako kuuma peke yake kungetosha kunipa jibu. Maji yanayouma vidole kutwa nzima hayajafika 60. Na mwaka jana wiki hiyohiyo yalikuwa yamefika. Basi.

Twende kwenye rangi. Maji ya udongo sio adui kila mara, inategemea yameletwa na mvua gani. Mvua ya baridi ya mwezi wa tatu inashusha joto na inachafua, hapo umepigwa mara mbili. Lakini mvua ya vuguvugu inayokuja na upepo wa kusini inaweza kuingiza maji yenye joto kuliko ziwa lenyewe, na ukikaa kichwani mwa kihori ambapo kijito kinaingia unaweza kuvua vizuri sana. Maji yenye rangi kidogo yanapata joto haraka pia, na yanamfanya krapi asogee juu na karibu na ukingo maana mwanga haupiti mbali. Kuna kipimo rahisi: shusha jigi nyeupe (ndoano yenye kichwa kizito na chambo cha bandia) pembeni ya boti au gati uiangalie. Ikipotea kabla ya futi moja, tafuta viota kwenye futi moja mpaka tatu na uvue umegusa kabisa kwenye shina la mti, maana samaki haoni mbali, asipokutana na chambo puani hakijui. Ukiiona mpaka futi tatu nne, tafuta kwenye futi tatu mpaka sita. Kwenye maziwa ya maji meupe kama Dale Hollow, pale mpakani na Tennessee, wanaweza kutaga kwenye futi nane, kumi na zaidi, na mvuvi wa ukingoni anaweza kukaa msimu mzima akidhani hakuna samaki.

Ila hiyo ya kwako ya chai ya maziwa, ziwa zima, na baridi juu yake, hiyo ndo mbaya kabisa. Siku kama hiyo usipambane nayo. Tafuta vihori vidogo visivyo na kijito kikubwa kinachoingia, huko udongo unachelewa kufika. Au kumbuka kwamba sehemu ya juu ya ziwa ndo inachafuka kwanza lakini ndo inasafika kwanza pia, wakati uchafu unashuka taratibu kuelekea bwawani, kwa hiyo siku nne tano baada ya mvua unaweza kukuta kule juu pameshatulia huku chini ndo pamechafuka. Chambo tumia rangi zenye kuonekana, nyeusi iliyochanganywa na kijani-njano kile cha kung'aa inafanya kazi sana, au visamaki hai maana vinatingisha maji na krapi anasikia mtetemo hata asipoona.

La tatu ni kimo cha maji, na hili ndo nadhani limewadanganya zaidi wewe na wenzako. Barren River Lake ni ziwa la bwawa, limejengwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kwa kazi ya kuzuia mafuriko kwanza, uvuvi unakuja baadaye. Majira ya baridi wanalishusha ili liwe na nafasi ya kupokea mvua, machipuko wanaliacha lipande mpaka kimo cha kiangazi, na ikinyesha sana linapanda zaidi ya hapo kisha wanalifungulia. Sasa fikiria, ule ukingo mliokaa mwaka jana mwaka huu uko chini ya maji. Nyie mlisogea nyuma mkakaa kwenye ukingo mpya, mkatupa maboya umbali uleule mliozoea, kumbe mnavua juu ya nyasi za parking ambazo wiki mbili zilizopita zilikuwa kavu. Sehemu "ileile" kwenye ramani ya simu sio sehemu ileile kwa samaki.

Maji yakipanda huku yakiwa na joto, krapi anaingia nayo, anafuata vichaka vilivyofunikwa, anaingia ndani kabisa kwenye matawi ambako boya lako likinasa unatukana. Hapo achana na kutupa mbali, chukua ufito mrefu wa futi 10 mpaka 12, shusha jigi wima kwenye tundu la kichaka, subiri, toa, nenda tundu lingine. Maji yakipanda huku yana baridi, hataki vichaka bado, yuko nje kwenye ule mteremko niliokwambia. Na yakianza kushuka anatoka haraka, hataki kunaswa. Kushuka ndo kunakoumiza uzazi: viota viko kwenye kina cha futi mbili, bwawa likifunguliwa maji yakashuka futi tatu kwa siku chache, mayai yanabaki kwenye tope kavu. Miaka ambayo maji yamepanda na yakakaa juu wiki kadhaa wakati wa kutaga mara nyingi inaleta kizazi kikubwa, vitoto vinapata vichaka vya kujificha na vijidudu vingi vya kula, na wewe mvuvi unakuja kukiona hicho kizazi kwenye ndoo miaka miwili mitatu baadaye. Ndo maana krapi wana sifa ya kuwa wengi ajabu miaka fulani na wachache miaka mingine, na wenzako wakisema wamekwisha wanakuwa wanaangalia mwaka mmoja tu.

Linganisha na Kentucky Lake, kule magharibi mwa jimbo, ambako Mamlaka ya Bonde la Tennessee ndo inasimamia maji. Kule ratiba inajulikana: tarehe 1 Aprili wanaanza kupandisha kutoka futi 354 juu ya usawa wa bahari, inafika 359 kwenye tarehe 1 Mei. Mvua isipovuruga, unajua kila wiki vichaka gani vinaanza kuguswa na maji, unawapangia samaki kabla hawajafika. Kwako Barren usitegemee hivo, fungua tovuti ya hao wahandisi kabla ya kutoka nyumbani, wanaandika kimo cha ziwa kila siku, angalia kinapanda au kinashuka na kwa kasi gani. Mimi nikiona kimetulia siku tatu mfululizo ndo naanza kupakia gari.

Kidogo kuhusu kuvua kwenyewe. Macho ya krapi yamekaa juu kichwani, anakula zaidi vilivyoko juu yake, ni nadra kushuka kuokota. Chambo kikiwa chini yake hata kwa futi moja umepoteza muda, kwa hiyo anza juu ushushe boya nusu futi nusu futi mpaka aume. Jigi ndogo, wakia 1/32 au 1/16, mshipi wa pauni 4 au 6. Boya likizama usivute kwa nguvu kama unavyomvuta sangara, ngozi ya mdomo wake nyembamba sana inachanika, inua ufito tu kwa utulivu na uwe na wavu. Na boya lisipozama bali likalala ubavu, huyo pia ni yeye, amekibeba chambo kwenda juu, inua!

Kuhusu kubeba, sheria ya urefu na idadi inabadilika ziwa kwa ziwa, soma ubao wa pale unaposhushia boti na kijitabu cha mwaka huu, na kumbuka leseni ya Kentucky inaanza upya tarehe 1 Machi, wengi wanakamatwa na ya mwaka uliopita mfukoni. Sheria ni hiyo, ila mimi naongeza langu: mkikuta madume meusi ukingoni yanauma kila dakika, yanauma sio kwa njaa, yanalinda. Mkichukua yote ya sehemu moja, vijisamaki vinamaliza mayai ya pale siku hiyohiyo. Chukueni ya kula jioni, hameni.

Na kama umekosa kabisa msimu huu usiumie, una kitu wenzako wa huku wengi hawana. Wewe unajua karabai na dagaa. Mwezi wa sita na wa saba krapi wakisharudi kwenye kina, taa ikiwashwa usiku juu ya maji inavuta vijidudu, vijidudu vinavuta visamaki, krapi anakuja chini yake, kazi ileile ya Kigoma, ila hapa utamtoa kwa ndoano badala ya wavu. Hakikisha tu kanuni za eneo lile zinaruhusu taa.

Wiki ijayo sasa. Angalia utabiri wa Bowling Green kwa usiku, sio mchana. Ukiona usiku tatu mfululizo haushuki chini ya 50, na kimo cha ziwa kimetulia au kinashuka polepole, nenda siku ya tatu mchana, anza kwenye kihori kifupi cha upande wa kaskazini, pima na chupa. Ukipata 60 vueni vichaka, ukipata 56 geukeni mvue mteremko kutoka kwenye gati au darajani. Usiku ukiwa bado kwenye 30 na kitu, baki nyumbani, mpeleke mtoto Jumamosi inayofuata. Na akienda, avae koti la kuokolea muda wote, hata mkiwa ukingoni, kwenye boti mtoto chini ya miaka 12 ni sheria Kentucky. Maji ya nyuzi 55 hayafanani na ya Tanganyika hata kidogo, mtu mzima anayejua kuogelea akianguka pumzi inakatika ghafla na ndani ya dakika chache mikono haishiki tena kamba, kwa hiyo na wewe vaa la kwako.